Je, Wajua? Lita 15 Huosha Vyombo vya Watu 12

Mashine nyingi za kisasa za kuoshea vyombo hutumia takriban lita 15 tu za maji kwa kila uoshaji. Maji yaleyale huchujwa na kurushwa tena na tena, yakiwa ya moto kuliko mkono unavyoweza kuvumilia. Bomba lililoachwa wazi humwaga kiasi hicho kwa dakika chache!

Ila ukisuuza kila sahani bombani kabla ya kuipakia, akiba hiyo inayeyuka. Umeme nao huliwa zaidi na kupasha maji moto.

Naye anayeosha kwa mkono kwa kutumia mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuzia, hubana maji vizuri mno.

Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, alipata hataza ya mashine yake ya kuoshea vyombo mwaka 1886. Aliibuni kwa sababu watumishi walikuwa wakimmegulia sahani zake za kaure.