Kutoka Section 58 Hadi Ol Njorowa: Siku Moja Katika Njia ya Baiskeli

Bibi yetu aliposikia kwamba safari ya kesho yake ni ya mahali paitwapo Hell's Gate, aliuliza maana ya jina hilo. Mjukuu mmoja akamfasiria: Lango la Jahanamu. Bibi akaiweka tasbihi yake mapajani. "Audhubillahi! Mmetoka Mombasa, mmepita Nairobi, mmefika Nakuru salama salimini, na sasa mwalitafuta lango la huko?" Tulicheka sana, hata mwenyeji wetu akaingilia kati: Wamaasai, wenyeji wa asili wa bonde lile, hupaita Ol Njorowa. "Basi semeni hivyo," bibi akaamua. Nasi katika makala haya twamtii.

Tulikuwa wageni wa khalati yetu katika mtaa wa Section 58, mjini Nakuru, wakati wa likizo ya Agosti. Ni mtaa wa nyumba zenye nyua na miti, lakini barabara kuu iendayo Nairobi haiko mbali, na usiku, mji unapotulia, husikika ngurumo za malori yapandayo kuelekea Uganda. Mtu wa Pwani huijua sauti hiyo, kwani mengi ya malori hayo yametoka bandarini kwetu.

Safari ya baiskeli haikuwa ya anasa tu. Binti yetu wa miaka kumi na miwili aligongwa na tuktuk karibu na nyumbani mwaka uliotangulia, akiwa juu ya baiskeli yake. Alhamdulillah, alivunjika mkono tu. Mkono ukaunga, lakini hofu haikuunga. Baiskeli ikafungiwa stoo, na kila ilipotajwa aligeuza mazungumzo. Nasi wazazi, tukisema kweli, hatukumshawishi, kwani hofu yetu ilikuwa kubwa kuliko yake. Khalati ndiye aliyesema kwamba iko njia ambayo mtoto aweza kuendesha baiskeli asubuhi nzima bila kusikia honi nyuma yake.

Njia hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, mwendo wa zaidi ya kilomita sabini kutoka Nakuru. Hifadhi hiyo ilitangazwa rasmi mwaka 1984, na ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 68. Ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya wanyama. Magari ya wageni hayakatazwi, lakini ni machache na hayaendi mbio. Kwa mtu aliyezoea barabara za mjini, huo ni ukimya mtupu.

Tuliondoka Section 58 mara baada ya Swala ya Alfajiri, kwa gari la khalu. Baridi ya Bonde la Ufa si ya kudharauliwa. Nakuru na Naivasha ziko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nasi watoto wa joto tulivaa masweta mawili mawili. Kutoka barabara ya ziwani tuliingia njia ya vumbi hadi lango liitwalo Elsa. Baiskeli hukodishwa papo hapo. Tulikagua breki, pumzi za matairi na urefu wa viti, tukazirudisha mbili ambazo breki zake zilikuwa za jina tu. Mwenye baiskeli hakununa, alituletea nyingine.

Wanawake wa safari yetu walikuwa wamejiandaa tangu usiku. Buibui refu na mnyororo wa baiskeli havipatani. Walivaa suruali pana chini ya kanzu fupi iliyovuka goti, na ushungi uliobanwa vyema usipeperuke machoni, kisha helmeti juu yake. Sitara ilikamilika, na miguu ikawa huru. Twalitaja hili kwa sababu akina mama wengi hudhani baiskeli na stara ni maji na mafuta.

Njia yenyewe, kutoka langoni hadi kituo cha askari wa wanyamapori kilicho karibu na korongo, ni kama kilomita nane, na sehemu kubwa ni tambarare. Kulia na kushoto kumesimama kuta za miamba myekundu, na tai huzunguka juu yake. Pundamilia walikuwa wakila nyasi hatua chache kutoka njiani. Twiga walituangalia kwa mbali, na ngiri walikimbia mikia ikiwa wima. Nyati ndio wa kuogopwa. Tulipowaona watatu kando ya kichaka tulisimama mbali, tukashuka, tukasubiri kimya hadi walipoondoka.

Binti yetu hakupanda kwa kilomita ya kwanza. Aliikokota baiskeli yake, nasi tukaamua kukokota zetu pamoja naye. Hakuna aliyemwambia neno. Tulipofika kwenye Mnara wa Fischer, jiwe la volkano lililosimama peke yake kwa urefu wa takriban mita 25, tuliketi chini ili tupumzike, huku pimbi wakichungulia kutoka mianyani.

Jiwe hilo lina jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika Naivasha mwaka 1883. Mwaka huohuo Mskoti Joseph Thomson naye alipita katika nchi hii. Majina yao yamebaki vitabuni na kwenye ramani. Lakini Fischer aliondoka Pangani, na Thomson aliondoka Mombasa, na mizigo yao ilibebwa mabegani mwa watu wa Pwani na Unguja. Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeijua nchi ya Wamaasai kabla yao, aliongozana na Thomson. Tuliwaeleza watoto kwamba wazee waliosema lugha yetu walilikanyaga bonde hili kwa miguu miaka mingi kabla ya reli kufika Nakuru. Binti yetu alisikiliza, akalitazama jiwe, kisha akauliza, "Walitoka Mombasa mpaka huku wakitembea?" Tukamjibu ndiyo. Alinyamaza kidogo, akavaa helmeti, akapanda.

Aliyumba mara mbili. Baada ya hapo hakutusubiri.

Mbele ya njia ndiko liliko korongo la Ol Njorowa. Katika zama za kale Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa mno kuliko lilivyo sasa, na maji yake yalitoka upande wa kusini kupitia hapa, yakaikata miamba hadi ikawa bonde jembamba lenye kuta ndefu. Ardhi ya hapa bado ni ya moto. Ng'ambo ya vilima huonekana mvuke wa Olkaria, ambako umeme wa joto la ardhini ulianza kuzalishwa mwaka 1981.

Hapa pana jambo ambalo kila mzazi alijue. Mvua ikinyesha kwenye milima ya mbali, maji huweza kushuka korongoni kwa ghafla, hata kama juu ya kichwa chako jua lawaka. Mwezi Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walifariki humo kwa mafuriko, na Septemba 2019 watu wengine saba wakasombwa na maji. Baada ya mkasa huo wa pili korongo lilifungwa kwa wageni. Mwenye kwenda na awaulize askari kwanza, na akiambiwa hapana, asibembeleze wala asitafute kijia cha pembeni. Siku yetu mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Longonot. Hatukuhitaji kuambiwa mara mbili. Tuliishia juu, tukala viazi vya kukaanga na mayai tuliyobeba, tukageuza baiskeli.

Tulirejea langoni wakati wa Adhuhuri. Tulitandika mikeka yetu chini ya mgunga, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kufupisha, ruhusa aliyopewa msafiri. Vumbi lilikuwa limetufunika hata kope.

Kwa wanaokusudia kwenda: lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na asubuhi ndiyo bora kwa kuwa jua la mchana ni kali na vivuli ni vichache. Kiingilio hulipwa kwa njia ya mtandao, si kwa fedha taslimu, kwa hiyo jitayarishe kabla. Beba maji ya kutosha katika chupa za kudumu, kwani plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020. Mtoto mdogo asitangulie peke yake.

Tukiwa njiani kurudi Section 58, katikati ya malori, tulijiuliza swali ambalo hatujalimaliza. Tulisafiri zaidi ya kilomita mia tano kutoka nyumbani ili mtoto wetu apate kilomita nane za amani. Je, miji yetu ya Pwani haiwezi kumpa japo moja? Mji wa kale wa Lamu bado waishi bila magari katika vichochoro vyake, na watoto huko hucheza mlangoni kwao. Kwingineko tumeyaachia magari kila kipande cha ardhi, kisha twawalaumu watoto kwa kukaa ndani na simu.

Tulipofika nyumbani tuliitoa baiskeli stoo. Matairi yalikuwa yamepasuka kwa kukaa, tukanunua mapya. Sasa kila Jumapili, baada ya Swala ya Alfajiri na kabla mji haujaamka, tunatoka naye kwa muda wa saa moja. Saa moja asubuhi tuktuk ya kwanza hupita, nasi huwa tumekwisha kurudi. Saa hiyo moja haitoshi, lakini kwa sasa ndiyo tuliyo nayo.