Programu ya Kuchezea Muziki na Video: Uamuzi ni Wako

Mtumiaji huchagua programu anayoipenda ya kuchezea muziki na video, lakini baada ya siku chache faili zake hufunguliwa na programu nyingine. Hali hii si kero tu. Baadhi ya programu huonyesha matangazo, hudai malipo au hutumia bando la intaneti bila mwenyewe kukusudia.

Kwa nini hutokea

Windows huhifadhi uchaguzi wa kila aina ya faili peke yake, kwa kufuata herufi za mwisho wa jina lake: .mp3, .mp4, .mkv na nyinginezo. Ukibadilisha .mp3 pekee, .mp4 itabaki kwa programu ya awali. Aidha, programu inaposakinishwa au kusasishwa huweza kujitwalia aina nyingi za faili kwa pamoja, kupitia visanduku ambavyo tayari vimetiwa alama ya vema. Katika Windows 10, mfumo ukibaini kwamba programu imebadilisha uchaguzi huo kwa njia isiyokubalika, huweza kuzirejesha faili kwenye programu ya Microsoft yenyewe. Katika mvutano huo, anayepoteza ni mtumiaji.

Hatua za kuchukua

1. Anza na chanzo. Fungua mipangilio ya programu inayojirudisha, tafuta sehemu ya aina za faili, na uondoe alama zote. Kama huihitaji, iondoe kwenye kompyuta.
2. Katika Windows 11, fungua Mipangilio, kisha Programu, kisha Programu Chaguomsingi. Andika .mp4 na uchague programu uitakayo. Rudia kwa kila aina ya faili unayoitumia.
3. Katika Windows 10, fungua sehemu hiyohiyo na uchague kwa kufuata orodha ya aina za faili.
4. Unaposakinisha programu yoyote, soma kila ukurasa kabla ya kukubali.
5. Usipakue programu za "kurekebisha" tatizo hili kutoka tovuti usizozifahamu. Huweza kubeba virusi.

Haki ya kuchagua

Suala hili si dogo. Mwaka 2004, Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 kwa makosa mawili, mojawapo likiwa kuiuza Windows ikiwa imefungamanishwa na Windows Media Player. Kampuni iliamriwa pia kutoa toleo la Windows lisilo na programu hiyo. Mwaka 2007, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliunga mkono uamuzi huo kuhusu makosa yote mawili.

Tunawashauri watumiaji waliouziwa kompyuta yenye programu isiyoondoleka wamwandikie kwanza muuzaji, wakitaja jina la programu na tarehe, na kuambatisha picha ya skrini. Wasiporidhika na jibu, wawasilishe kwetu nakala ya malalamiko hayo.