Ndimu Isitangulie Moto

Samoni wengi huharibika kabla oveni haijawashwa. Kipande hulowekwa saa nzima kwenye maji ya ndimu ili ladha ipenye hadi ndani, lakini asidi haifiki mbali: hukaza protini za juu, nyama ikapauka kana kwamba imeshapikwa, na moto humalizia kuikausha. Harufu nzuri ya ndimu imo zaidi kwenye mafuta ya ganda kuliko kwenye maji yake. Kwa hiyo paruza ganda la juu tu (ule weupe wa chini ni mchungu), lichanganye na chumvi, mafuta ya zeituni na shibiti iliyokatwakatwa, upake juu ya samaki aliyepanguswa akakauka, kisha oka kwa nyuzi 200. Kipande chenye unene wa sentimita mbili na nusu hutaka dakika 12 hivi. Ute mweupe ukianza kububujika kwa wingi, moto umezidi. Maji ya ndimu yakamuliwe mezani.

Mpishi wa pwani atapinga: bila ndimu, shombo litaondokaje? Ana hoja, maana asidi huzuia kemikali za shombo zisiruke hewani. Ila kazi hiyo huisha kwa dakika chache, na samaki mbichi kweli hana shombo la kupigana nalo. Wanaodai kwamba ndimu huua vijidudu vyote ndio wa kukataliwa kabisa. Haichukui nafasi ya moto, na mamlaka za Marekani hushauri nyuzi 63 katikati ya nyama.