Likizo ya Miezi Mitatu, Maziwa ya Miezi Sita

Mtoto anapofikisha umri wa miezi mitatu, akina mama wengi walioajiriwa mjini Nyeri hurudi kazini. Anayeuza viazi na karoti katika soko la Karatina, au anayechuma majani chai Othaya, mara nyingi hurudi mapema zaidi, kwa kuwa siku asiyofanya kazi ni siku isiyo na malipo. Hapo ndipo maziwa ya ng'ombe au uji mwepesi huanza kutumiwa, ilhali mtoto bado anahitaji maziwa ya mama pekee.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani (WHO) zinashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi atimize miezi sita. Baadaye aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa afya (KDHS) wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 60 kati ya kila 100 wa chini ya miezi sita nchini walinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Katika utafiti wa 2008-09 walikuwa 32, na mwaka wa 2014 walikuwa 61. Hatua kubwa ilipigwa, kisha ikasimama. Kwa mama anayefanya kazi, kikwazo ni ile miezi mitatu baada ya likizo.

Kuanza vyema

Maandalizi huanza siku ya kujifungua. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, huitwa dang'a. Si machafu na hayafai kumwagwa, kwani humpa mtoto kinga dhidi ya magonjwa.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Njahi na uji ambao jamaa humletea aliyejifungua ni lishe nzuri, lakini kinachofanya maziwa yaendelee kutoka ni titi kunyonywa au kukamuliwa mara kwa mara.

Mama akiumia kila anaponyonyesha, huenda mtoto ameshika chuchu pekee. Amtoe polepole na kumshikisha upya: mdomo uwe wazi kabisa, kidevu kiguse titi na mdomo wa chini ugeukie nje. Mtoto anayekojoa angalau mara sita kwa siku baada ya wiki ya kwanza, na kuongeza uzito kliniki, anapata maziwa ya kutosha. Kilio pekee si dalili kwamba maziwa yamepungua.

Kukamua na kuhifadhi

Mama aanze kujizoeza kukamua wiki mbili hivi kabla ya kurudi kazini. Si lazima awe na mashine. Anawe mikono kwa sabuni, aweke kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Asukume kuelekea kifuani, kisha abinye na kuachilia.

Maziwa yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Yanakaa kwa muda wa saa 4 nje ya friji, na siku 4 ndani ya friji. Yasichemshwe, chombo kiwekwe katika maji moto hadi maziwa yapate uvuguvugu. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, ambacho ni rahisi kusafisha kuliko chupa. Yanayobaki kikombeni yamwagwe.

Asiye na friji anaweza kunyonyesha alfajiri, kuacha maziwa ya saa chache za asubuhi, kisha mtoto aletwe sokoni adhuhuri. Jioni na usiku anyonyeshe kila mtoto anapotaka.

Haki kazini

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyesha au kukamulia maziwa, penye maji ya kunawa mikono na kifaa cha kuhifadhia maziwa yakiwa baridi. Mahali hapo pasiwe chooni. Mama pia ana haki ya mapumziko ya kunyonyesha, mbali na yale ya chakula, yasiyozidi jumla ya saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Muda huo huhesabiwa kuwa wa kazi.

Mwenye kibanda chake hana mwajiri wa kudai haki hiyo. Yeye hutegemea mume, nyanya au jirani anayebaki na mtoto. Ni vyema mlezi huyo aende kliniki pamoja na mama, ili naye ajue kwa nini mtoto hapewi maji wala uji.

Wakati wa kutafuta usaidizi

Titi likiwa gumu, jekundu na lenye maumivu, huku mama akiwa na homa, aende kituo cha afya haraka na aendelee kunyonyesha. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi anaweza kunyonyesha akiendelea kumeza dawa zake na mtoto akipewa dawa za kinga, kwa maelekezo ya mhudumu.

Mama mjamzito anaweza kuuliza maswali haya yote katika kliniki ya wajawazito, kabla ya kujifungua. Akifika kliniki, abebe kijitabu cha mama na mtoto.