Mabadiliko ya Sura ya Barua Pepe na Malalamiko ya Watumiaji: Funzo la Yahoo Mail kwa Watunga Sera wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa nini watumiaji wa barua pepe hulalamika kwa uchungu huduma yao inapobadilishwa sura. Mfano unaochambuliwa ni wa Yahoo Mail mwaka 2013. Hoja kuu ni kwamba chanzo cha malalamiko hayo si chuki dhidi ya jambo jipya. Mtumiaji hupoteza ujuzi alioujenga kwa miaka, hanyimwi taarifa tu bali pia hiari, na hana pa kwenda kwa kuwa anwani yake si mali yake. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha hatua ambazo nchi za Afrika Mashariki zinaweza kuzichukua katika sheria, katika utumishi wa umma na katika lugha.

1.0 Utangulizi

Barua pepe inayosomwa kwa kivinjari, bila kuhitaji programu maalumu kwenye kompyuta ya msomaji, ilianza kuenea mwaka 1996 Hotmail ilipozinduliwa nchini Marekani. Mwaka 1997 Yahoo iliinunua kampuni ya Four11, iliyokuwa na huduma ya RocketMail, na Oktoba mwaka huohuo ikazindua Yahoo Mail. Gmail ilifuata Aprili 2004.

Katika Afrika Mashariki huduma hizi zilipokelewa vizuri kwa sababu hazikumtaka mtu awe na kompyuta yake mwenyewe. Aliyelipia muda mfupi katika mgahawa wa intaneti aliweza kufungua barua zake, kuzijibu na kuondoka, kisha akaendelea siku nyingine akiwa mji mwingine. Anwani hizo ziliingia katika wasifu wa waombaji kazi, vibao vya maduka, barua za vyama vya ushirika na hata nyaraka za ofisi za umma. Kwa njia hiyo, huduma ya bure ya kampuni ya kigeni ilifanya kazi ya sanduku la posta, kabati la majalada na kitambulisho kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, uamuzi wa kubadilisha sura ya huduma hiyo, ambao kwa kampuni ni uamuzi wa kibiashara, humgusa mtumiaji katika shughuli zake zote.

2.0 Yaliyotokea Yahoo Mail mwaka 2013

Mwaka 2013 Yahoo ilikuwa chini ya Marissa Mayer, aliyeshika uongozi Julai 2012 akitokea Google. Mabadiliko ya barua pepe yalikuja kwa awamu. Mwezi Juni 2013 toleo la zamani lililojulikana kama Mail Classic lilifungwa. Waliokuwa wamebaki nalo kwa hiari yao walitakiwa kuhamia toleo jipya, na kuhamia huko kulikwenda pamoja na kukubali masharti yaliyoiruhusu kampuni kuchambua maudhui ya barua kwa mashine, pamoja na mambo mengine kwa ajili ya matangazo.

Oktoba 2013, huduma ilipotimiza miaka 16, sura nyingine mpya ilizinduliwa. Watumiaji walipewa nafasi ya kuhifadhi barua ya terabaiti 1, picha za mandhari kutoka Flickr, na mpangilio unaokusanya barua za mada moja katika mazungumzo. Hata hivyo, vichupo viliondolewa. Vichupo hivyo vilikuwa vipande vilivyopangwa juu ya ukurasa, na vilimwezesha mtu kuacha barua kadhaa zikiwa wazi huku akiandika nyingine. Maelfu ya watumiaji walidai virudishwe, na baadaye kampuni iliruhusu mtumiaji kuvichagua tena katika mipangilio.

Malalamiko yalikuwa bado hayajatulia Desemba 2013 hitilafu ya vifaa katika kituo cha data ilipowazuia baadhi ya watumiaji kuzifikia barua zao kwa siku kadhaa. Mayer aliomba radhi hadharani, akieleza kwamba walioathirika walikuwa takribani asilimia 1. Matukio haya mawili hayana budi kutenganishwa. Hitilafu ya Desemba ni ajali, nayo hutibiwa kwa uhandisi. Kuondolewa kwa vichupo hakukuwa ajali. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa. Malalamiko ya aina hii ya pili ndiyo yanayohitaji kuelezwa, kwa sababu hayaonekani katika takwimu za hitilafu na ni rahisi kuyapuuza kuwa ni ukaidi wa watu waliozoea.

3.0 Mazoea kama ujuzi

Neno “mazoea” mara nyingi hutumiwa kwa maana ya udhaifu. Katika matumizi ya kompyuta, mazoea ni ujuzi halisi. Anayeanza kutumia huduma husoma kila neno kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Baada ya miezi kadhaa hasomi tena. Mkono unajua pa kwenda, na akili inabaki huru kufikiria barua yenyewe. Karani anayelinganisha ankara tatu zilizotumwa kwa barua tatu huziacha zote zikiwa wazi, akahama kutoka moja hadi nyingine. Vichupo vikiondolewa, kazi ileile inamlazimu kufungua, kufunga na kukumbuka. Hajapoteza pambo la ukurasa, bali utaratibu wake wa kazi.

Ujuzi huu una gharama mbili. Ya kwanza ni muda wa kuupata, ambao mtumiaji aliulipa mwenyewe. Ya pili ni muda wa kuufuta, kwa kuwa mkono uliozoea kwenda mahali fulani huendelea kwenda hapo hata baada ya kitufe kuhamishwa. Kampuni inapohesabu gharama za sura mpya, huhesabu mishahara ya wasanifu na wahandisi wake. Saa za mamilioni ya watu wanaojifunza upya hazimo katika hesabu hiyo. Kwa lugha ya uchumi, kampuni hupata faida ya mabadiliko huku sehemu kubwa ya gharama ikibebwa na wengine.

Gharama hiyo haigawanyiki sawa. Mwenye intaneti ya kasi na kompyuta mpya hujaribu mpaka akafahamu. Anayelipia kila megabaiti hujaribu kwa fedha yake. Mtumiaji asiyeona, anayesomewa skrini kwa sauti, hutegemea mpangilio usiobadilika kuliko mtu mwingine yeyote. Septemba 2023 Google ilitangaza kwamba sura ya Gmail ya HTML ya kawaida, iliyokuwa nyepesi na isiyo na madoido, ingezimwa mwanzoni mwa mwaka 2024. Kwa wengi tangazo hilo lilipita bila kuonekana. Kwa wenye mtandao dhaifu, kompyuta kuukuu au ulemavu wa kuona, ulikuwa ni mlango waliouzoea unaofungwa.

4.0 Mtumiaji si mnunuzi

Sababu ya pili imo katika muundo wa biashara yenyewe. Katika huduma ya bure inayoendeshwa kwa matangazo, anayelipa ni mtangazaji. Mtumiaji ni msomaji ambaye macho yake ndiyo yanayouzwa. Uhusiano huu haumaanishi kwamba kampuni haimjali, kwani msomaji akiondoka mtangazaji naye ataondoka. Unamaanisha tu kwamba msanifu huwatumikia mabwana wawili, na pale maslahi yao yanapogongana, yule asiyelipa hana mkataba wa kuushika mkononi. Masharti ya huduma aliyoyakubali kwa kubonyeza mara moja kwa kawaida humpa mtoa huduma mamlaka ya kubadilisha au kuondoa sehemu yoyote.

Kutokana na hali hiyo, malalamiko huwa makali kuliko ukubwa wa badiliko lenyewe. Mteja wa duka asiyeridhika hunyamaza, akaenda duka jingine. Asiyeweza kwenda kwingine hubakiwa na sauti tu, naye huipaza.

5.0 Anwani isiyohamishika

Kwa nini hawezi kwenda kwingine? Jibu liko upande wa kulia wa alama ya @. Sehemu hiyo ni jina la kikoa, nalo ni mali ya kampuni. Anayehama huduma huiacha anwani nyuma, na pamoja nayo huacha kila benki, shule, mwajiri, ndugu na akaunti iliyosajiliwa kwa anwani hiyo.

Ulinganisho na simu ya mkononi unasaidia. Kenya ilianzisha utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2017. Wadhibiti walitambua kwamba ushindani hauna maana ikiwa kuhama kunamgharimu mteja namba yake. Barua pepe haina utaratibu kama huo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na ya Rwanda ya mwaka 2021, zinampa mtu haki ya kuhamisha data zake. Haki hiyo ni muhimu, lakini inahusu barua zilizokwisha kufika. Barua itakayotumwa kesho bado itakwenda kwenye anwani ya zamani.

Njia inayobaki ni kuelekeza barua mpya kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, nayo hutegemea hisani ya mtoa huduma. Mwaka 2021 Yahoo iliacha kutoa bure huduma ya kuelekeza barua moja kwa moja, ikabaki kwa wanaolipia. Kwa hiyo hata mlango wa kutokea una mwenyewe, naye anaweza kuutoza ushuru.

6.0 Lugha ya kiolesura

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili kuna jambo la ziada. Mtumiaji asiyeimudu lugha iliyoandikwa kwenye skrini hujifunza kwa umbo na mahali: kitufe cha juu kushoto ni cha kuandika, alama ya kibanio cha karatasi ni ya kuambatisha. Kwake mahali ndipo penye maana. Kitufe kikihamishwa, hana maandishi ya kumrudisha njiani.

Tafsiri ya Kiswahili hupunguza tatizo hili iwapo tu istilahi zenyewe zimetulia. Kinachotumwa pamoja na barua huitwa kiambatisho, kiambatanisho au kiambatanishi. Zinapoingia barua huitwa kikasha au kisanduku pokezi. Anayehama kutoka huduma moja kwenda nyingine hujifunza upya mahali pa vitu na majina ya vitu. Usanifishaji wa istilahi za kiolesura, ambao ni kazi inayozihusu BAKITA nchini Tanzania na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ni sehemu ya ulinzi wa mtumiaji.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sura mpya ya huduma ni mgeni wa namna hiyo. Hukaribishwa inapomponya mwenyeji, hulalamikiwa inapomtoa chumbani mwake. Kutokana na maelezo yaliyotolewa, hatua nne zinapendekezwa.

Kwanza, kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za kidijitali zitake taarifa ya mapema kabla ya badiliko kubwa, na kipindi ambacho sura ya zamani inabaki kupatikana. Pili, sura nyepesi inayofaa mtandao dhaifu na visoma-skrini ihesabiwe kuwa sharti la ufikivu. Tatu, taasisi za umma, shule na vyama vitumie anwani zilizo chini ya vikoa vyao wenyewe katika .tz, .ke, .ug, .rw na vinginevyo. Mwenye kikoa huweza kubadilisha mtoa huduma bila kubadilisha anwani. Tanzania imekwisha kupiga hatua kwa Mfumo wa Barua Pepe Serikalini unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Nne, haki ya kuhamisha data ipanuliwe ili mtoa huduma awajibike kuelekeza barua mpya bila malipo kwa muda maalumu baada ya mtumiaji kuhama.

Hatua ya tatu ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa kila serikali bila kuingoja kampuni yoyote. Mifumo ya umma nayo isijisahau: mtumishi wa wilayani anayefungua mfumo asubuhi na kukuta kila kitu kimehamishwa bila taarifa yumo katika hali ileile ya mtumiaji wa Yahoo Mail mwaka 2013, tofauti ikiwa kwamba yeye hana hata pa kuhamia.