Mgonjwa wa Akili Anaposimulia Aliyotendewa



Hospitali ya Lutindi, wilayani Korogwe, inayomilikiwa na Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Ilipofika mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Tangu mwanzo, basi, pale pamefika watu walioumizwa na wanadamu wenzao.

Hali hiyo haijaisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Si kila aliyeumizwa huugua, na magonjwa ya akili yana sababu nyingi. Hata hivyo, aliyetendewa ukatili yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata sonona, hofu ya kudumu na mawazo ya kujiua.

Kosa tulilolizoea ni kusema, "Huyo ni mgonjwa, anaropoka tu." Mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo na bado akasema kweli juu ya aliyotendewa. Akipuuzwa mara moja, huenda asiseme tena.

Mhudumu afanye nini? Mambo haya yanaendana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013:

1. Amuulize faraghani. Ndugu aliyemleta huenda ndiye anayemwumiza.

2. Asikilize bila kumlazimisha. Mgonjwa aeleze kwa kadiri anavyoweza.

3. Amwonyeshe kuwa anamwamini, na kwamba kosa si lake.

4. Aangalie usalama wake. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, ijulikane anarudi kwa nani.

5. Amwunganishe na msaada zaidi, pamoja na kuendelea na dawa alizoandikiwa.

Siri ya mgonjwa itunzwe. Lakini mtoto akiwa hatarini, taarifa ifike kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi.

Kamati za sharika, nasi tunahusika. Mara nyingi tumeita pande mbili, tukaomba, tukasema "sameheaneni yaishe", kisha tukamrudisha binti kwenye nyumba ile ile. Msamaha ni wa thamani, lakini haulazimishwi, na hauchukui nafasi ya usalama. Kwanza tuhakikishe anapolala ni salama.

Wafadhili wetu huuliza tunahitaji nini. Majengo makubwa yanaweza kusubiri. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, mafunzo kwa wahudumu, na nauli ya muuguzi kumfuatilia mgonjwa aliyerudi Magoma: hayo yatamwezesha mtu kusema, na akisema, asikilizwe.