Boti Mbili za Rumonge na Sentimita 30 za Usalama

Tuseme familia ya watu wanane inataka kutembea katika Ziwa Tanganyika Jumapili, kutoka Rumonge, Burundi, kuelekea upande wa Nyanza-Lac. Ufukweni zimeegeshwa boti mbili za mbao. Zote zina urefu wa mita 6, injini za nguvu ileile, mabenchi na turubai la kuzuia jua. Nauli ni moja. Ila moja ina upana wa mita 1.5 na nyingine mita 1.8. Wengi watapanda ile yenye rangi mpya. Mimi ningeomba kwanza futi ya kupimia.

Boti ikiinama, ubavu mmoja huzama zaidi, na maji huusukuma ubavu huo juu. Hapo ndipo chombo hupata nguvu ya kujiinua. Mchango wa upana katika nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha tatu. Gawanya 1.8 kwa 1.5, utapata 1.2, kipeo chake cha tatu ni takriban 1.73. Kwa hiyo, uzito na umbo vikilingana, sentimita 30 tu zinaongeza mchango huo kwa karibu asilimia 73.

Wavuvi wa ziwa hili wanaitumia kanuni hiyo usiku wanapowavua samaki wadogo waitwao ndagala kwa taa. Huunganisha vyombo viwili kwa miti mirefu, wavu ukashushwa katikati. Kwa kuwa vyombo vimeachana, wavuvi wanaweza kuvuta wavu kwa nguvu bila kulala ubavu.

Upana una gharama yake. Boti pana yenye kitako bapa hurudi wima kwa kishindo, hupigapiga mawimbi, na watoto huweza kutapika. Nyembamba huyumba taratibu na kuonekana tulivu, na utulivu huo huwadanganya abiria.

Rumonge iko kaskazini mwa ziwa lenye urefu wa kilomita 673. Kusini kwake maji yanaendelea zaidi ya kilomita 500 hadi Zambia. Wimbi hukua kadiri upepo unavyovuma kwa nguvu, kwa muda mrefu na juu ya maji mengi yasiyo na kizuizi. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unaweza kuvipata vyote vitatu. Asubuhi shwari haitoshi kuwa dhamana ya jioni.

Hata boti pana huharibiwa na upakiaji mbaya. Mtoto akisimama juu ya benchi, kitovu cha uzito hupanda na nguvu ya kujiinua hupungua. Maji yaliyojikusanya ngamani ni hatari zaidi, maana hukimbilia upande ule ule boti inakoinamia. Madumu ya mawese na masanduku ya vinywaji yakae chini, katikati. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikikaribia Ukara, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 220 walikufa, na nchi kavu ilikuwa karibu.

Kabla ya kulipa, mwombe nahodha jaribio dogo penye maji mafupi, watoto wakiwa bado nchi kavu. Watu wazima wawili wasogee ubavu mmoja, kisha warudi katikati. Boti ikirudi wima upesi, ni dalili njema. Ikikawia kama inayojiuliza, iache. Tazama pia ubao uliobaki juu ya maji watu wote wakishapanda: ukiwa mfupi, wimbi moja la kawaida litaingia ndani.

Kati ya hizi mbili, mimi nachagua ile ya mita 1.8, hata kama imechakaa rangi, mradi haivuji na kila abiria ana jaketi la kuokolea linalomtosha. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto majini. Kama hayapo ya watoto, ahirisheni safari.